Mguu Wenye Moto Haukandwi

Chumbageni, Tanga
Alhamisi, baada ya swala ya Alasiri

Kwa binti yangu Mwanahamisi,

Assalamu alaikum. Ukuta unaotenganisha chumba chako na hiki ninamoandikia ni wa tofali moja, na ukikohoa huwa nakusikia kana kwamba umekaa ubavuni pangu. Utajiuliza basi kwa nini nikuandikie badala ya kukuita. Nimejaribu kukuita. Jumapili nilikuita, ukaja, ukaketi mbele yangu, nami nikaishia kukuuliza kama sanduku lako limefungika. Jumanne nilikuita tena, nikakupa kalamu. Umekwisha kupata kalamu tatu kwangu wiki hii, na kila moja niliitoa mahali pa maneno niliyoshindwa kuyasema.

Leo umekwenda kuwaaga shangazi zako, nao hawamwachi mtu aondoke kabla hajala mara mbili. Nina muda. Nitaiweka barua hii juu ya koti lako jeupe, pale ulipolikunja. Nakuomba uisome leo hii, usiichukue kwenda nayo Dodoma ikiwa imefungwa, kwa sababu kesho, kabla hujapanda basi, nitahitaji uwe umekwisha kuyajua yaliyomo.

Habari za chandarua, za chakula cha bwenini na za nani wa kumpigia simu ukiugua, mama yako amezimaliza, wala sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja. Ni aibu yangu, lakini kwa miaka kumi na mitatu nimewaachia wengine waibebe, na mmoja wao ni wewe.

Utaikumbuka karatasi uliyoniletea ulipokuwa ukiomba ufadhili wa masomo. Walitaka ueleze kwa ukurasa mmoja kwa nini umechagua udaktari. Uliandika kwamba babu yako, Mzee Kombo wa Pangani, alivunjika mbavu tatu ulipokuwa na miaka sita, na kwamba hakufa kwa mbavu hizo, bali kwa mikono ya mwanamke mkandaji asiyejua kusoma, aliyemkanda mguu mpaka damu iliyoganda ikapanda mapafuni. Kisha uliandika: "Mimi ndiye niliyetumwa kumwita. Tangu siku ile niliazimia kusoma ili watu wetu wasife tena kwa ujinga."

Ukaniomba nisahihishe. Nilichukua kalamu nyekundu, nikakuongezea nukta mbili na kukupunguzia herufi kubwa moja. Chini nikaandika, "Vizuri sana." Nikakurudishia, ukaondoka ukitabasamu, nami nikabaki nimeishika ile kalamu kama mtu aliyekutwa nayo.

Mwanangu, katika karatasi ile mlikuwa na uongo mkubwa, na mwenye uongo si wewe. Niliusema mimi kwanza, mbele ya watu, nawe umeketi mapajani mwa bibi yako ukinisikiliza.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shahada yangu, nami nilikuwa nyumbani Pangani nikisubiri kupangiwa hospitali ya kufanyia mazoezi. Nilikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho. Babu yako aliitundika picha ya joho lile sebuleni, juu ya kalenda ya msikiti, na kila mgeni aliyeingia alioneshwa kabla hajapewa maji. Kwa mamlaka yangu mwenyewe sikuwa nimemtibu mtu hata mmoja, lakini kutoka sokoni mpaka kivukoni watu waliniita Daktari, nami niligeuka upesi mno kila nilipoitwa hivyo. Nilikuwa nikizungumza na watu kwa sentensi ndefu, zilizopigwa pasi kama shati la Idi. Bado ninazo, kama unavyoona. Nitajitahidi zisinifiche.

Jumamosi moja asubuhi babu yako alikuwa uani akifua nazi kwa kifuo chake, ule mti wenye ncha aliokuwa ameusimika karibu na kisima. Mvua ilikuwa imenyesha na makumbi yalikuwa yamelowa. Akateleza, akaangukia ubavu wa kushoto juu ya ukingo wa mkokoteni. Tulimpeleka hospitali. Picha ya eksirei ilionyesha mbavu tatu zimevunjika, lakini pafu lilikuwa zima. Nilishukuru Mungu kwa sauti, na kwa maneno ya kitaalamu, ili wote waliokuwamo chumbani wajue kwamba najua kusoma picha.

Zamuni alikuwapo nesi mmoja wa makamo, Bi Zuhura.

"Mzee tumlaze hapa siku tatu nne," aliniambia. "Apewe dawa ya maumivu ya kutosha, apate kuvuta pumzi mpaka chini, na kesho asubuhi tumsimamishe. Mtu wa mbavu akiachwa na maumivu yake hajitikisi, hata pumzi huivuta juu juu. Damu nayo hutuama miguuni, ikaganda. Daktari aje amwangalie kama anafaa zile sindano za kuizuia."

"Ahsante, dada," nikamjibu. "Mimi mwenyewe ni daktari."

Akanitazama kutoka viatuni kwenda juu. "Alhamdulillahi. Unafanya kazi wapi?"

"Nasubiri kupangiwa."

"Ahaa," akasema. "Basi na damu tuiombe isubiri."

Wenzake wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, ni utani wa watu waliochoka zamu. Lakini babu yako alikuwa pale amelala anasikia, nami sikustahimili achekwe mwana wa Kombo mbele ya Kombo. Nilitia saini, nikamtoa. Nilisema nyumbani atapata uangalizi bora zaidi. Mpaka leo nikitafuta sababu ya kitabibu iliyonifanya nimtoe hospitalini, sipati, ila kile kicheko.

Usidhani sikuwa najua. Ningekuwa sijui, aibu hii ingekuwa na mahali pa kujisitiri. Swali la damu kuganda kwa mgonjwa aliyelazwa lilikuwa katika mtihani wangu wa mwisho, nami nililijibu vizuri. Alilosema Bi Zuhura kwa maneno machache, mimi nililiandika kwa kurasa mbili. Lakini la kwangu lilikuwa la mtihani, na la kwake lilikuwa la mtu.

Kwetu wajua, mtoto hupimwa siku mzazi anapolala. Nilitaka kupimwa nionekane nimezidi. Nilimhamishia babu yako chumba cha wageni, nikamtandikia shuka nyeupe mpya, nikamzungushia bendeji pana kifuani, nikaikaza, ingawa kifua kilichokazwa hivyo hakipumui vyema. Nikaamuru asitie mguu chini. Chakula kililetwa kitandani, beseni likaletwa kitandani, hata kuoga alipanguswa akiwa amelala. Mimi niliketi kichwani pake, kipimo cha moyo shingoni, tangu asubuhi mpaka wageni wa mwisho waondoke.

Na wageni walikuja, maana babu yako alikuwa mtu wa watu. Walikaa mkekani wakatazama, wakasifu. "Mashaallah, kusoma kuna faida," mmoja alisema. "Wangu mimi nikiumwa hunitupia panado akaenda zake mpirani." Mwingine akasema, "Mzee Kombo, wewe umekwisha kuwa sultani, hata ardhi huikanyagi." Nilijifanya sisikii, nami nilikuwa nikilishika kila neno.

Babu yako ndiye peke yake aliyekuwa hapendi. Siku ya nne aliniita mbele ya watu.

"Athumani, hebu nieleze. Mimi ni mgonjwa au ni maiti?"

"Mgonjwa, baba."

"Basi mbona mwanilaza, mwaniosha, mwanifunga vitambaa? Imebaki pamba za puani tu."

Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nami nilicheka. Alipocheka yeye, alishika ubavu kwa maumivu, na mimi nikalifanya hilo ushahidi wa kumkataza zaidi. Kwa kweli alikuwa ananiambia jambo, kwa njia ya mzaha, kwa sababu hakutaka kumvunjia heshima mwanawe daktari mbele za watu. Heshima hiyo aliyonihifadhia ndiyo iliyonifanya nisimsikie.

Ijumaa akataka kwenda msikitini. Msikiti uko hatua sabini kutoka mlangoni. Nilikuja kuzihesabu baadaye. Alisema atakwenda taratibu, nimshike mkono. Nikamwambia, "Dini imekupa ruhusa, baba. Mgonjwa huswali hivyo hivyo alivyo." Adhana ilipokwisha nilimkuta anaswali kwa macho, anayafumba kwa rukuu na kuyafumba tena kwa sijida. Hatua sabini za kwenda na sabini za kurudi zilikuwa dawa, nami nilizizuia kwa kutumia rehema ya Mwenyezi Mungu kama kamba ya kumfungia baba yangu kitandani. Hilo sikuwahi kumwambia mtu. Hata mama yako atalijua leo, ukimsomea.

Jumamosi alasiri akasema mguu wa kushoto unamuuma. Nilifunua shuka. Shavu la mguu lilikuwa limejaa, ngozi imevutika inang'aa. Jina la ugonjwa lilinijia papo hapo, limeandikwa kama lilivyokuwa kitabuni, pamoja na ukurasa wake.

Hapa ndipo nataka usome polepole, Mwanahamisi. Muda ulikuwapo. Gari lilikuwapo. Hospitali ilikuwa karibu. Lakini kumrudisha kulikuwa ni kupita mbele ya Bi Zuhura na kumwambia kwamba damu haikusubiri. Na mkekani walikuwapo wageni wawili, jamaa wa msikitini, wanangoja niseme ni nini.

Nikasema, "Msuli umekaza kwa kulala."

"Basi aitwe Bi Mwanamkuu amkande," mmoja akasema.

"Naam," nikasema. "Akandwe."

Nikakutuma wewe.

Bi Mwanamkuu alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu. Alikuwa akiwakanda wazazi waliotoka kujifungua, wachukuzi waliotegua migongo na watoto waliolalia shingo vibaya. Yeye na bibi yako waliombana chumvi tangu wakiwa wari. Alikuja na kichupa chake cha mafuta ya nazi, akawasalimu wageni, akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakuanza kukanda. Aliuweka mgongo wa mkono wake juu ya ule mguu uliovimba, kisha juu ya ule mwingine, kisha akaurudisha.

"Athumani."

"Naam, bibi."

"Mguu huu una moto."

"Ni kwa ajili ya kulala sana, bibi."

"Na huu wa pili ulikuwa umekwenda wapi? Si ulilala naye vilevile? Mbona wa baridi?"

Hata profesa wangu hakupata kuniuliza swali kama lile.

Akafunga kichupa chake. "Mguu wenye moto haukandwi, mwanangu. Bibi yangu alinikataza, nami sijapata kumkhalifu. Mpelekeni hospitali."

Wale wageni wakanigeukia. Nami nikacheka, Mwanahamisi. Nilicheka kile kicheko chepesi cha msomi anapomhurumia asiyesoma. Nikamwambia, "Bibi, hayo ni ya wahenga. Mimi nimesoma miaka mitano. Mimi ndiye ninayekuambia, kanda."

Alimgeukia babu yako. "Kombo, wasemaje?"

"Fanya asemavyo Daktari," babu yako akasema. Na alilisema neno hilo, Daktari, kwa fahari iliyomjaa kinywani, kana kwamba maumivu yote ya wiki ile yamelipwa.

Bi Mwanamkuu akasema bismillahi, akamkanda. Hakumkanda sana. Alipitisha mafuta kama apangusaye kioo, akaondoka bila kunywa kahawa.

Jumapili asubuhi babu yako alikuwa anapewa uji. Alikunywa kikombe nusu, akakirudisha, akashika kifua. "Athumani, pumzi," akasema. "Pumzi haiji." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasema yakaeleweka. Tulimfikisha hospitali ileile, na zamuni alikuwapo Bi Zuhura. Walifanya yote yanayofanywa. Yalipokwisha, alimfumba babu yako macho, akamfunika, kisha akanisogezea kiti. Nimekwisha kutukanwa na wakubwa wangu kazini, nimekwisha kufokewa na ndugu za wagonjwa, lakini hakuna kilichopata kuniuma kama kile kiti.

Siku ya tatu ya matanga, baada ya khitma, nyumba ilikuwa imejaa. Wanaume walikuwa barazani na wanawake uani, mlango wa katikati uko wazi. Shangazi yangu mkubwa, yule aliyetoka Pongwe, akauliza kwa sauti ya kusikika pande zote, "Jamani, mbavu huunga. Watu huvunjika mbavu wakapona. Huyu ndugu yangu kafa na nini?"

Wote wakaningoja.

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ni kadari, nao wangeitikia amina. Mimi nilitaka kuonekana najua. Nilisema hivi, nayakumbuka maneno yote: "Damu iliganda mguuni ikapanda mapafuni. Kitaalamu, kumkanda mgonjwa wa namna ile ni hatari inayoweza kuleta kifo."

Kila neno lilikuwa la kweli. Ndiyo maana limedumu. Sikutaja jina la mtu, na sikuwa na haja, maana kila aliyekuwapo alijua nani alimkanda. Lakini nani aliyeamuru, na nani aliyekataa kwanza, hilo nililimeza. Wale jamaa wawili wa msikitini walinitazama mara moja, kisha wakainamisha vichwa. Nani amkosoe daktari aliyefiwa, matangani, mama yake anasikia?

Bi Mwanamkuu alikuwa uani anaosha vyombo vya shughuli pamoja na wanawake wenzake. Niliona kupitia mlangoni ameinua kichwa. Alisubiri. Nadhani alinipa muda wa kutosha mtu kumaliza sentensi yake. Nilipokuwa siongezi kitu, alisuuza sahani iliyokuwa mkononi, akaiweka juu ya nyingine, akajifunga ushungi. "Mungu amrehemu Kombo," akasema, akatoka. Hakujitetea. Angeanza kujitetea, angekuwa anamwita mtoto wa marehemu mwongo juu ya mkeka wa marehemu. Yeye hakuweza kufanya hivyo. Mimi niliweza kufanya nililolifanya.

Wewe ulikuwa mapajani mwa bibi yako. Ulinyanyua uso ukamwuliza, "Bibi, ni yule niliyekwenda kumwita mimi?" Nililisikia swali lako. Nalo sikulijibu.

Baada ya hapo wanawake wakaacha kumwita. Hakuna aliyemfukuza. Wazazi walikandwa na watu wengine tu, na bibi yako akawa anaazima chumvi nyumba ya upande wa pili. Kabla mwaka haujaisha, Bi Mwanamkuu alifunga mlango, akaenda kukaa kwa mwanawe Pongwe. Bibi yako alikufa hawajasemezana. Alikufa akiamini kwamba rafiki yake alimuua mumewe, na mimi nilikuwa kando ya kitanda chake, nikimshika mkono, daktari kamili sasa, mwenye barua ya ajira.

Unajua wodini wananiita nani. Ulicheka siku ile muuguzi aliponiita Dokta Nyanyuka mbele yako. Mgonjwa wa mbavu akifika kwangu, namhakikishia dawa ya maumivu, namfundisha kuvuta pumzi, napima kama anahitaji sindano ya kuzuia damu isigande, na asubuhi nipo mimi mwenyewe kumshika mkono atembee. Wiki iliyopita mama mmoja wa Kidigo aliniuliza, "Mwanangu, kazi hii umeisomea, au umetoka jeshini?" Wauguzi vijana wananisifu kwa bidii. Wanadhani ni ujuzi. Nami huwa nakubali sifa hiyo, yaani mpaka leo naendelea kula kutoka sahani ileile. Kila ninapomfikisha mgonjwa mlangoni mwa wodi akahema na kunitukana, nahesabu kimoyomoyo mpaka sabini.

Kama utaniuliza, kwa elimu utakayokuwa nayo karibuni, ni nini hasa kilichomuua babu yako, nitakujibu kwamba sijui kama ni kule kukandwa au damu ingepanda yenyewe hata asingeguswa. Hakuna ajuaye. Lakini ni mimi niliyemlaza, ni mimi niliyeamuru akandwe, na mtu pekee aliyeutambua mguu ule kwa mkono mtupu nilimcheka. Wewe hukumwita muuaji, mwanangu. Ulikimbia kumwita mtu ambaye, lau angesikilizwa, babu yako angekuwa na nafasi ya kuokoka. Ulilitenda lililo sawa siku ile. Nimekuacha ulibebe miaka yote hii kama dhambi, nikaona linakusukuma kusoma usiku na mchana, na nikajiambia kwamba basi, angalau limezaa matunda. Hayo nayo ni katika yanayonitia aibu.

Kuhusu ile karatasi ya ufadhili, wamekwisha kuikubali, na sitakuamuru uwaandikie au usiwaandikie. Utaamua. Lakini jana nilikuona unalijaribu koti jeupe mbele ya kioo ukimwambia mama yako, "Wagonjwa wa vijijini ndio watakaonisumbua, wana imani zao." Niliisikia sauti yangu. Hukuipata kwingine.

Jana hiyohiyo, baada ya Adhuhuri, nilimpigia simu Bi Mwanamkuu. Namba yake ninayo kwa miaka minne. Nilipewa na mjukuu wake aliyekuja wodini kumwona mgonjwa, akanieleza kwa nia njema kwamba bibi yake bado yuko hai na bado akili iko sawa. Niliihifadhi. Kuihifadhi kulikuwa rahisi.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni Athumani. Wa Mzee Kombo, wa Pangani."

Nikasikia kuku, na mtu akichota maji. Kisha akasema, "Daktari."

Babu yako alilisema kwa fahari. Yeye alilisema tu.

"Bibi, binti yangu Mwanahamisi anakwenda Dodoma Ijumaa. Anakwenda kusomea udaktari."

"Ndiye yule aliyekuja kuniita?"

"Ndiye."

"Alikuja anakimbia, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi," akasema, na sauti ikalainika kidogo. "Hata shikamoo ilimshinda kwa kuhema. Nikampa kipande cha nazi. Kazaliwa na miguu myepesi yule."

"Nataka kuja kwako, bibi. Kuna neno nilipaswa kulisema."

"Miaka yote hii unalitafuta?"

"Nilikuwa nalo. Sikulitoa."

Nikasikia ndoo ikiwekwa chini.

"Haya," akasema. "Lakini usinijie na hotuba, Athumani, hotuba yako ya kwanza yanitosha. Njoo na mtoto. Ulilitia masikioni mwake, mbele yangu. Ukalitoe hapohapo, mbele yangu."

Basi nimepanga hivi. Nimezungumza na kondakta wa basi lako. Hatutakwenda stendi, watakupakia Pongwe barabarani. Tutatoka hapa mara tu baada ya Alfajiri, mimi, wewe na mama yako. Mwanawe Bi Mwanamkuu atatungoja njiani atuelekeze nyumba. Nimewaomba pia wale jamaa wawili wa msikitini, ambao bado wako hai, wanisubirie Pangani Ijumaa ijayo. Huko nitasema yale yale barazani, kwa watu waliobaki. Lakini kesho ni kwake na kwako.

Ukimaliza kusoma, huenda usitake kuniona leo. Mlango wako utakuwa wako, sitaugonga. Huenda ukasema hutaki kusindikizwa nami. Hilo pia nitalikubali, utakwenda na mama yako. Ila kwa vyovyote nitakuwa Pongwe kabla ya basi, na ningependa unisikie nikilisema kwa kinywa, kwa sentensi fupi, kwa kuwa hiki nilichokiandika bado kina mapambo ambayo mbele ya Bi Mwanamkuu hayatasimama.

Nikianza kubabaika, usinisaidie hata neno moja. Nikianza kueleza mambo ya kitaalamu, nivute shati. Yeye akinitukana, tulia. Akininyamazia, tulia vilevile.

Kisha mimi nikishamaliza na kukaa pembeni, wewe sogea, umbusu mkono ule uliojua kabla yangu, na umpe ile shikamoo iliyokushinda siku ile kwa kuhema.

Baba yako,
Athumani Kombo